Binti Aliyerudisha Posa: Hadithi ya Kichina Yazua Ubishi Barazani Lamu

Ubishi uliozuka katika baraza yetu ya mtaa wa Langoni, Ramadhani ya mwaka 2022, haukuwa wa siasa, haukuwa wa mpira, wala haukuwa ule wetu wa kila mwaka wa kuandama kwa mwezi. Ulikuwa juu ya msichana wa Kichina ambaye hajapata kuzaliwa. Jina lake Nalan Yanran, na kosa lake ni kwamba alirudisha posa.

Usicheke, ndugu msomaji. Wazee wenye mvi, waliotoka msikitini kusali tarawehe, walikaa hadi saa sita na nusu za usiku wakimhukumu msichana huyo kana kwamba babake ni jirani yetu na nyumba yao ni ile ya tatu ukipita kisima. Mmoja alitaka atiwe adabu. Mwingine alimtetea kwa sharia. Kahawa ilipoa ndani ya dele. Na mimi, niliyekuwa na sababu yangu ya kunyamaza, nilinyamaza.

Aliyetuletea msichana huyo ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Kijana huyu ni nahodha wa mashua ya watalii. Mwezi wa Machi mwaka 2020, ndege za kutoka nje zilipozuiwa kuingia Kenya kwa sababu ya korona, mashua ilitiwa nanga na riziki ikatiwa nanga nayo. Akawa analala humo humo ndani ya mashua mchana kutwa, simu mkononi, akisoma riwaya za Kichina zilizotafsiriwa kwa Kiingereza. Agosti ya mwaka ule ndege ziliruhusiwa tena, watalii wakaanza kurudi mmoja mmoja, lakini yeye alikwisha kunaswa.

Nilipomuuliza mara ya kwanza ni kitabu gani kisichokwisha, alinieleza jambo ambalo sikulisadiki mpaka nilipoona kwa macho yangu. Riwaya hizi haziandikwi zikapigwa chapa zikauzwa dukani. Mwandishi huandika sura moja au mbili kila siku, na siku hiyo hiyo wasomaji huzisoma kwenye intaneti. Sura za mwanzo ni za bure. Ukishanogewa, unalipa vijisenti kwa kila sura, au ungoje. Mwandishi akikosa siku moja tu, wasomaji humjia juu kama wateja wa mkate waliokuta tanuri limezimwa. Huko Uchina kuna jumba kubwa la kazi hiyo liitwalo Qidian, nalo limekuwako tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wasomaji wa nje walianza kuzipata kwa wingi baada ya Desemba 2014, kijana mmoja wa asili ya Kichina aliyelelewa Marekani alipofungua mahali pa kuzitafsiri kwa Kiingereza, akapaita Wuxiaworld. Mwaka 2017 wenyewe Wachina wakafungua pao pa Kiingereza.

Ile aliyokuwa akiisoma mpwa wangu kwa Kiingereza yaitwa Battle Through the Heavens, yaani kama kusema mapigano ya kupenya mbingu. Iliandikwa kati ya mwaka 2009 na 2011, nayo ina sura zaidi ya 1,600. Mwandishi wake hutumia jina la utani la Tian Can Tu Dou, ambalo maana yake, nilivyofasiriwa, ni kitu kama Kiazi cha Kiwavi wa Hariri wa Mbinguni. Wazee walipolisikia jina hilo walicheka mpaka mmoja akapaliwa na kashata.

Sura elfu moja na mia sita! Lakini kwa urefu hatukutishika. Hapa kwetu Chuo cha Herkali, kilichotungwa Pate mwaka 1728, kina beti zaidi ya 1,100, na babu zetu walikuwa wakikaa wakisomewa. Wala Uchina si mgeni kwetu. Sahani zao zilipambwa ndani ya vidaka vya nyumba za Mkomani, vigae vyao vingali vikiokotwa Shanga, na watu wa Siyu wana masimulizi yao ya mabaharia wa Kichina waliovunjikiwa na chombo wakaoa hapo. Mwaka 2005 binti mmoja wa Kisiwa cha Pate alipelekwa kusomeshwa Uchina kwa ajili ya masimulizi hayo. Kwa hiyo Mchina alipoingia barazani na hadithi yake, alipishwa akae.

Mpwa wangu alianza kwa kuulizwa tu. Usiku wa kwanza wa Ramadhani mzee mmoja fundi wa majahazi alimwona kainamia simu, akamwambia, “Ewe, chochote unachosoma, kisome kwa sauti, au uzime taa hiyo yatuumiza macho.” Kijana akatusimulia kwa Kiswahili, sura mbili tatu. Usiku wa pili fundi yule alikuwa wa kwanza kufika.

Hadithi yenyewe ni hii. Kuna kijana aitwaye Xiao Yan, mtoto wa mkuu wa ukoo. Katika nchi yao daraja ya mtu hupimwa kwa nguvu za vita anazozikusanya mwilini kwa mazoezi, na kila daraja ina jina lake, mpaka juu kabisa ambako mtu huwa kama mfalme wa ulimwengu. Xiao Yan alikuwa mtoto wa ajabu, akasifiwa kila pembe. Kisha ghafula, kwa muda wa miaka mitatu, nguvu zikawa zamtoka, kila akizikusanya hazikai. Waliokuwa wakimsifu wakawa wamcheka.

Sababu ilikuwa pete. Alivaa pete aliyoachiwa na mamake marehemu, na ndani yake mlikuwa na roho ya mzee, bingwa wa kutengeneza dawa, aliyekuwa akizinyonya nguvu za kijana apate kuamka. Alipoamka akawa mwalimu wake.

Hapo baraza nzima ilisema kwa sauti moja: “Jini!” Mpwa wangu akajaribu kueleza kuwa si jini, ni roho ya mtu aliyekufa. Wapi! Yumo ndani ya pete, anyonya, kisha ahudumu. Ikiwa huyo si jini basi jini ni nani? Walimwelewa mara moja kuliko wasomaji wa Ulaya wanavyoweza kumwelewa, maana sisi tumelelewa na pete za namna hiyo tangu Alfu Lela Ulela. Mwalimu mmoja wa chuo, ambaye tulidhani atakataza, alisema maneno ambayo nimeyaweka moyoni. Alisema hekaya haimharibu mtu kwa kuisikia, humharibu kwa kuisadiki. Kisha akauliza, “Haya, huyo jini ikawaje?”

Usiku wa tisa ndipo ilipofika posa.

Babu ya Xiao Yan na babu ya Nalan Yanran walikuwa marafiki, wakaahidiana kuozana wajukuu. Kijana alipofika miaka 15, tena wakati wa kuchekwa kwake, binti huyo akaja na mjumbe wa watu wakubwa waliokuwa wakimsomesha mambo ya vita. Mbele ya wazee wa ukoo wote, mbele ya baba mtu, wakasema posa ivunjwe. Walileta na dawa ya thamani kubwa iwe fidia. Baba alisawijika. Xiao Yan akashika kalamu, akaandika talaka, akajikata kiganja akaipiga muhuri kwa damu yake, akamkabidhi binti. “Si wewe unayeniacha, mimi ndiye nikuachaye.” Akamwahidi kuwa baada ya miaka mitatu atamfuata kule anakosoma wapigane.

Mpwa wangu hakusimulia hayo, aliyaimba. Sauti yake ilibadilika. Wengine walidhani ni ufundi wa kusimulia.

Wa kwanza kusema alikuwa mwalimu. “Talaka hiyo haikusihi,” akasema. “Nikaha haijafungwa, atamwachaje asiyekuwa mkewe? Na damu ni najisi, hiyo karatasi haishikiki.” Watu wakaangua kicheko, lakini yeye hakuwa akifanya mzaha. Akaendelea kueleza kwamba posa ni ahadi, si ndoa. Kuivunja bila sababu ni vibaya, lakini si haramu, na lililokuwa limekubaliwa na mababu haliwezi kumfunga mtu kama pingu. Kwa madhehebu yetu ya Kishafii, akasema, baba ana uwezo juu ya binti yake bikira, walakini sunna ni kumuuliza.

Fundi wa majahazi hakukubali. Yeye alisema neno si kuvunja, neno ni kuvunja mbele za watu. “Wangemwita baba mtu pembeni. Wangetuma mzee mmoja, usiku, kwa siri. Hawa wamekuja mchana na kundi la watu. Msichana huyo ni mwovu, na lolote litakalompata ni haki yake.” Wengi walikuwa upande wake. Na nimeambiwa kuwa wasomaji wa hadithi hii ulimwenguni nao wamegawanyika vivyo hivyo, wengi wakiwa wamchukia binti kwa kule kumtia kijana haya. Wachina wana neno wanalolitumia sana katika riwaya zao, la mtu kupoteza uso. Hilo halikuhitaji kufasiriwa Lamu. Kwetu pia mtu aliyeaibishwa husemwa hana uso wa kutazamia watu.

Nilifikiri, nikiwasikiliza, jinsi tulivyo. Tunabishana juu ya watu wa hadithi kama tunavyobishana juu ya mirathi. Mwana wa Fumo Liyongo alimchoma babake kitovuni kwa sindano ya shaba, kwa ahadi ya kuozwa binti wa mfalme wa Pate. Muhammad Kijumwa akaiandika habari hiyo kwa utenzi hapa Lamu mwaka 1913, na mpaka leo ukitaja jina la Liyongo mbele ya wazee wawili, mmoja atamlaani yule mtoto na mwingine atamlaani mfalme aliyemdanganya. Hakuna asemaye, “Ni hadithi tu.”

Basi fundi alipokuwa katikati ya kumlaani Nalan Yanran, mlango ulio nyuma yetu uliguswa. Nyumba ile ina tekani kubwa, na usiku wa Ramadhani wanawake wa nyumbani hukaa hapo nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo. Tulijua wanasikiliza. Tangu usiku wa tatu walikuwa wakituma mtoto kuuliza kama tumesharudi kutoka msikitini. Aliyesema ni shangazi yetu, mwanamke wa miaka themanini na kitu.

“Ninyi wana waume,” akasema, “mwamuhukumu kwa lipi? Mwanamke yule alikuya mwenyewe, kwa maguu yake, akanena kwa kinwa chake. Hapa kwetu ni wangapi walonena wenyewe? Yeo posa ikirudi, huirudisha nani?”

Baraza ilinyamaza. Fundi alikohoa. Mimi nilimtazama mpwa wangu, nikaona amenitazama.

Sasa sina budi kueleza lililokuwa limefichika, ingawa nusu ya mtaa walikuwa wakilijua. Kijana huyu alikuwa amechumbia mwaka 2019. Mshenga nilikuwa mimi. Posa ilikubaliwa, zawadi zikapelekwa, ikangojwa siku. Mashua ilipotiwa nanga mwaka uliofuata, ami zake binti wakaniita. Hawakuwa wakali. Walinikaribisha kahawa, wakasema kijana ni mwema lakini hana kazi, na mambo ya dunia hayajulikani yatakwisha lini. Wakanirudishia kila kitu kimefungwa vizuri ndani ya kanga. Nilikichukua. Nilikuwa ninakata kona ya uchochoro, ndugu mdogo wa binti, mtoto wa miaka minane au tisa, akanifuata mbio, akanishika kanzu. Akaniambia, “Dada asema umwambie si yeye alosema.”

Sikumwambia. Nilijiambia kuwa nikimwambia atakwenda kugonga mlango wa watu, itakuwa fitina kati ya nyumba mbili zinazosali msikiti mmoja. Nilijiambia yatapita. Nilimwambia kwamba wamerudisha, basi, na kwamba riziki ni ya Mungu. Mwaka 2021 binti aliozwa mtu wa Mombasa, akahamia huko.

Kwa hiyo mpwa wangu alipokuwa akimsoma Xiao Yan ndani ya mashua yake, hakuwa akisoma juu ya Uchina. Kijana aliyenyang'anywa nguvu bila ya kosa lake, akadharauliwa, akarudishiwa posa, akaapa kurudi baada ya miaka mitatu! Hata hesabu ilikuwa ikilingana. Alikuwa akiweka fedha. Nilimsikia mara moja akimwambia mamake kuwa atanunua mashua mbili, azipitishe mbele ya nyumba ile ya pwani ya ami yake binti, huku zinapiga ngoma.

Usiku ule watu walipotawanyika alibaki. Akaniuliza, “Mjomba, siku ile ulipokwenda, yeye mwenyewe alisema nini?”

Nikamwambia. Nilimweleza yote, mpaka kanzu iliyoshikwa.

Hakupandisha sauti. Alisema, “Miaka miwili, Mjomba.” Kisha akashuka kuelekea pwani.

Usiku wa kumi na wa kumi na moja hakuja. Watu waliudhika, maana hadithi ilikuwa imeachwa mahali pabaya, na vijana wawili wakaanza kuitafuta kwenye simu zao wenyewe. Mmoja, msomi wa sekondari, aliipata akajaribu kuisimulia, lakini alikuwa akisoma kama asomaye bei za samaki, wakamnyamazisha. Shangazi alituma mtoto mara mbili kuuliza kama nahodha anaumwa.

Alirudi usiku wa kumi na mbili, akaketi mahali pake, akaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Kwangu alitoa salamu, akanimiminia kahawa. Sikupata zaidi ya hayo, na sikustahili zaidi.

Nyusiku zilizofuata zilikuwa tamu. Tulipitia mioto ya ajabu ambayo kijana aliiwinda akaimeza. Alipokutana na malkia wa watu-nyoka, nusu mwanamke nusu joka, na ikajulikana kuwa huyo mwishowe atakuwa mmoja wa wake zake wawili, tulipata mjadala mrefu wa kama ndoa hiyo yaweza kufungwa na kadhi. Wake wawili hawakumshtua mtu. Joka ndilo lililoleta taabu. Nacho kisa kilichopendwa kupita vyote ni kile cha babu ya Nalan Yanran, aliyekuwa akifa kwa sumu iliyomwingia mwilini, akaja tabibu kijana aliyejificha kwa jina jingine akamtibu. Tabibu alikuwa Xiao Yan. Kumtibu babu wa mtu aliyekuaibisha, bila ya kumwambia wewe ni nani! Fundi wa majahazi alitoa machozi, akasingizia moshi wa ubani.

Mpaka ilipofika siku ya ahadi, miaka mitatu imetimia. Ilikuwa katika kumi la mwisho, na watu walikuwa wengi kuliko kawaida, wengine wametoka mtaa wa Mkomani kwa habari tu. Xiao Yan alipanda mlima mpaka kwa wale wakubwa, akasimama mbele yao wote, akamwita binti. Wakapigana. Mpwa wangu, ambaye usiku wa tisa alitumia saa nzima kwa ile aibu, vita vyenyewe alivimaliza kwa muda wa kunywa kikombe kimoja. Xiao Yan akashinda. Hakumuua.

“Ala! Basi?” fundi akauliza. “Ndiyo vita vyote hivyo?”

“Bado,” mpwa wangu akasema. “Binti akasimama, akajifuta vumbi. Akamwambia Xiao Yan: ‘Siku ile sikuja kwa kukudharau. Nilikuja kwa kuwa tangu nizaliwe hapana aliyeniuliza. Wewe nawe, katika miaka mitatu ya kunikasirikia, hukuniuliza.’ Xiao Yan hakuwa na la kujibu. Akampa salamu, akashuka mlima.”

Nyuma ya mlango nilimsikia shangazi akisema neno na wenziwe wakimwitikia, lakini sikulisikia ni lipi.

Yule kijana wa sekondari alikuwa na simu yake mkononi, ameifungua sura ile ile. Alikuwa akiipandisha na kuishusha kwa kidole. Akainama sikioni kwangu. “Mzee,” akasema, “maneno hayo hayamo humu.”

“Zima simu,” nikamwambia, “wacha aseme.”